Marufaa ya Madigadi

Ililetwa Wete juu ya gari la ng'ombe,
madigadi ya mbele, ya kushoto, ya Morisi
aliyoinunua babaake Bi Zuwena
mwaka karafuu zilipozaa hata miti iliyokwisha hesabiwa kuni.
"Gari lenyewe liko Bopwe," alisema, "halendi.
Lakini hii ikinyooka, mengine yatafuata."
Sikumjibu. Fundi hatoi ahadi mbele ya kutu.

Siku ya kwanza niliibana kwa magoti.
Nyundo ikishuka huku, bati linaruka kule,
linalia kama sinia lililoanguka jikoni,
na kila bonde nililolitoa likazaa kilima.
Siku ya pili Shaame akanishikia.
Siku ya tatu Shaame hana ukucha wa kidole gumba,
na mama yake amepita karakana
akanisalimu kwa urefu usio wa kawaida.

Basi. Chuma na kishikwe na chuma.

Nilikuwa na kitanda cha engo, cha hospitali,
nilichokinunua mnadani kwa sababu nilizozisahau.
Nikakikata. Nikakipa miguu mitatu, si minne:
sakafu yangu ina mabonde yake,
na chenye miguu mitatu hakiyumbi,
muulize yeyote aliyepikia mafiga.
Juu nikakunja paipu ya maji
kuufuata mgongo wa madigadi,
moto kidogo, mchanga tele ndani isije ikabonyea,
nikachomelea masikio manne ya kupitisha bolti,
na kila palipotaka kugusana bati na chuma
nikavika kipande cha ndala.
Ndala ya Shaame. Aliivua mwenyewe,
akarudi kwao na ya kulia tu.

Vipimo nilivitwaa Bopwe usiku,
kamba, penseli, taa ya simu mdomoni,
kwenye madigadi ya kulia, ile nzima.
Nikajipongeza. Nikaagiza chai.
Asubuhi naipandisha ya kushoto: haikai.
Masikio yanatazama huku, matundu yanatazama kule.
Naigeuza, naipindua, naisukuma kwa bismillahi,
Shaame kasimama na bilauri mkononi,
anasema taratibu, kama mtu anayekumbushia deni:
"Fundi, hii ni ya ndugu yake."

Nilicheka mpaka jirani muuza mkaa akachungulia.
Kisha msumeno. Masikio yote manne, upya.
Siku nzima kulipa usiku mmoja wa haraka.

Lakini ilipoketi!
Ilitulia kama kitabu juu ya marufaa,
na mikono yangu miwili, yote miwili,
ikabaki huru kusoma.
Nikasoma bluu, chini ya bluu krimu,
chini ya krimu kijani ambacho hakuna aliyekikumbuka,
chini ya kijani puti, ngumu kama ubishi,
na chini ya puti, kiraka cha debe la samli,
kimepigwa ribiti kumi na moja zilizokwenda upande,
herufi zake bado zinasomeka: UZITO KAMILI.

Bi Zuwena aliitwa. Alikitazama sana.
Ribiti akazigusa moja moja, bila kuhesabu kwa sauti.
"Baba hakuwa fundi," alisema.
Nikamwambia naona.
"Waweza kukiacha?"
Bati lilikuwa limeoza pande zote, ila pale.
Nikakiacha, kwa ndani, asikokuona mtu ila matope.

Sasa Morisi inapita njia ya soko,
na watu wanaisifu rangi.
Marufaa imebaki kona, imekumbatia hewa
yenye umbo la madigadi.
Kuku wa jirani ameijaribu, akaikataa.
Jana nimefungua mlango nikamkuta Shaame,
ukucha umeota, mweupe, mwembamba,
amepiga magoti na kamba na penseli
anaipima paipu inchi kwa inchi.
Ndala yake hajaidai.
Ameandika kwa chaki kwenye mguu mmoja,
herufi kubwa, kwa ajili yangu:
KUSHOTO.